Siku Pancha Alipojaza Upepo

Tangu nimalize mtihani wa mwisho wa shule sikuwa na kazi nyingine zaidi ya kumsumbua mama. Matokeo bado, kazi hakuna, kitanda nimekichoka, mama naye amenichoka. Nafungua friji, naangalia, nafunga. Baada ya muda nafungua tena, kama vile kuna mtu ameingia humo kupika nikiwa nimegeuka. Mama akasema nikiendelea hivyo atanitafutia ajira ya kulinda friji za watu. Kwa hiyo siku dada aliporudi na ile habari yake, mimi nilikuwa nimeshavaa viatu kabla hajamaliza kuongea.

Dada yangu anaendesha gari la mikate. Anatoka watu wakiwa bado wanakoroma, anazunguka maduka yote ya mji, anarudi ananukia vizuri mpaka unatamani kumpaka siagi. Kazi anaifanya vizuri, halalamiki, lakini moyo wake hauko kwenye mikate. Tangu mdogo yeye na jangwa. Kwetu lami inaisha pale penye mizani ya malori, inaanza changarawe, halafu mchanga, halafu mchanga tena mpaka macho yanachoka. Watu wengine huko wanaona hakuna kitu. Dada anaona kama mtu mwingine anavyoona sahani imejaa.

Sasa kuna bwana mmoja tunamwita Bosi, ingawa hajawahi kumwajiri hata mmoja wetu. Ana magari ya kupeleka wageni jangwani, wanalala kwenye mahema, wanaona nyota, wanarudi wameungua pua, wana furaha tele. Dereva wake mmoja alikuwa anaacha kazi. Dada akaenda kuomba hiyo nafasi. Bosi hakumuuliza cheti wala amefanya kazi wapi. Alimwambia achukue gari lake la zamani, atafute watu wasiojua chochote wawe wageni wake, akalale nao huko usiku mmoja, halafu awarudishe.

"Ukiniita nije kukuvuta," akamwambia, "basi hili jambo tunalisahau. Bila kinyongo, lakini tunalisahau."

Dada akatuhadithia yote hayo akiwa amesimama mlangoni, funguo bado mkononi. Halafu akasema aliposikia habari ya watu wasiojua chochote, hakuhangaika kufikiri, sura zetu zilimjia zenyewe.

Sura zetu ni mimi, Pancha na Sindano.

Pancha anaziba matairi kwenye banda la mabati karibu na kituo cha mafuta. Ni mrefu, akisimama ndani ya banda lake anainamisha shingo kama anaomba radhi. Ukimtembelea utamkuta amekaa juu ya tairi, anazamisha tyubu kwenye beseni la maji meusi, anasubiri mapovu yamwonyeshe tundu. Kutembea naye barabarani ni adhabu. Hawezi kupita gari lililoegeshwa bila kulipiga tairi teke dogo, na kama limelegea, atamsubiri mwenye gari. Harusini kwa binamu yangu alitoka kwenye mstari wa picha, akaenda kumnong'oneza bwana harusi. Watu tukadhani ni jambo zito. Kumbe gari la maharusi lilikuwa na tairi la nyuma lenye upepo mdogo.

Sindano ni fundi cherehani, na kinyume cha Pancha, ni mfupi. Anashonea kwenye korido ya duka la vitambaa, hapo hapo wateja wanapopita, na mdomo wake unakwenda kasi kuliko cherehani. Alipoulizwa kama ana hema alicheka kwa dharau. Akasema mtu akitaka hema anamwendea fundi, na fundi ni yeye. Akashona kwa turubai la bluu na mabaki ya kitambaa cha mapazia yenye maua. Hema likatoka zuri kweli, lina zipu, lina dirisha, lina hata mfuko wa ndani wa kuwekea simu. Kosa lilikuwa moja tu: kupima, alijipima mwenyewe. Alilala sakafuni pale koridoni, msaidizi wake akamchora kwa chaki, akakata.

Maandalizi tulifanyia sebuleni kwetu. Mama alikunja zulia, akakaa kwenye kochi kama refa, maana alisema anataka kuona tunavyobeba ujinga. Dada alianza na maji, madumu kwa madumu, mpaka nikadhani tunakwenda kufungua kisima. Kisha mafuta, beleshi, kamba, mbao za kutia chini ya matairi, dawa, taa. Sisi tukaleta vyetu. Sindano alileta mto wake wa nyumbani, kioo, na pasi. Dada alimwangalia, akaiweka pasi mapajani kwa mama. Pancha alileta pampu yake ya mguu iliyofungwa kwenye taulo kama mtoto mchanga. Dada akaisifia, akasema hicho ndicho kitu cha kwanza cha maana kuingia kwa mlango ule, na Pancha akatabasamu siku nzima. Mimi nilikuwa msimamizi wa chakula. Mchele, vitunguu, samaki wa makopo, majani ya chai, sukari. Chumvi nilisahau, ila hilo tutalifikia.

Mama wakati wa kuagana alimshika dada mkono kwenye dirisha la gari, akamwambia aendeshe kama anavyoendesha siku zote, asiendeshe kama mtu anayetazamwa. Mimi akaniambia nisiguse kitu.

Tukaondoka. Gari lile la Bosi lilikuwa na sauti ya mzee anayekohoa, lakini lilivuta kwa matairi yote manne na dada alilijua ndani ya dakika chache. Lami ikaisha. Changarawe ikaanza kutupiga chini ya miguu. Halafu lile tuta la kwanza la mchanga likatokea mbele, kubwa, la rangi ya biskuti, na sisi watatu tukaruka nje gari likiwa halijasimama vizuri. Tulipanda mbio, tukafika juu tunahema, tukajiviringisha mpaka chini. Sindano alimeza mchanga, akaendelea kuongea. Tukapanda tena. Watu wazima kabisa, wenye ndevu.

Wakati sisi tunajiviringisha, dada alikuwa amechuchumaa kwenye matairi na geji yake ya kupimia, anatoa upepo. Kwenye mchanga gari linataka matairi laini, yatandazike, yakanyage kwa upana kama unyayo wa ngamia. Ukiyaacha magumu yanachimba kaburi. Dada analijua hilo, Bosi analijua, kila dereva wa huko analijua. Sisi tulikuwa juu ya tuta tunapigana kwa mchanga, hatukuona chochote.

Mchana ule ukaenda vizuri ajabu. Dada alikuwa anapanda yale matuta mpaka unaona mbingu tu kwenye kioo cha mbele, halafu tumbo linabaki nyuma, halafu tunateremka kwa upole upande wa pili kama mtu anayekaa kwenye maji. Sindano alishika mpini wa juu kwa mikono yote miwili na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanyamaza. Nilimwangalia dada kwenye kioo kidogo. Alikuwa anaimba kwa midomo bila sauti. Kwenye gari la mikate haimbi.

Jioni tulizunguka kurudi karibu na changarawe, tukapiga kambi kwenye bonde dogo lililozungukwa na matuta. Mimi nikapika. Pancha alionja, akauliza kwa heshima kabisa kama chumvi iko kwenye gari. Nikasema hapana. Kama iko kwenye begi. Nikasema hapana. Sindano akasema basi tule, mchanga utatosha kutia ladha, na kweli ulikuwepo wa kutosha. Tulikula yote. Dada alikwangua sufuria. Kabla ya kulala alizungumza na Bosi kwa redio ya mawasiliano ya mle garini, akamwambia tuko wapi na kwamba wageni wameshiba. Halafu tukalala chali juu ya mchanga uliokuwa bado na joto, na nyota zile, sijui niseme nini. Nilijikuta sijafikiria matokeo tangu asubuhi. Hata miguu yangu ilikuwa imetulia, na miguu yangu haijawahi kutulia.

Dada akasema hapo, bila kuulizwa, kwamba akipata kazi hii hataomba kitu kingine. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa. Hakuna aliyemtania.

Sasa hema. Sindano aliingia, akajinyoosha, hema likamkaa kama suti. Mimi nikaingia kwa kujikunja. Pancha alipoingia, magoti na kila kilicho chini ya magoti vilibaki nje. Tulimgeuza huku na huku, ikawa kama kupakia ngazi kwenye teksi. Mwishowe tukakubaliana miguu ilale nje, tukaifunika kwa mto wa Sindano, na Sindano akalalamika mpaka usingizi ukamkata katikati ya neno.

Asubuhi jangwani ni baridi, wewe usidanganywe na mchana. Miguu ya Pancha ikaganda, ikamwamsha kabla ya sisi wote. Akatoka kutembeatembea apate joto. Akalizunguka gari. Na Pancha akilizunguka gari, unajua mwenyewe anaangalia wapi.

Matairi yote manne yamelegea.

Baadaye alituhadithia mwenyewe. Alifikiri ni mawe ya ile changarawe, tumepata tundu kila upande, na dada akiamka akiliona hilo siku ya mtihani wake atachanganyikiwa. Akaona amwondolee hayo mawazo. Akachukua pampu yake, akaanza. Alipiga mguu mpaka fulana ikamlowa, tairi baada ya tairi, akiwa mwangalifu asituamshe. Akayapiga ngumi akasikiliza, yakalia vizuri, magumu kama ya lori la saruji. Akafunga pampu kwenye taulo lake, akaenda kuwasha moto wa chai. Hakusema kitu. Alitaka dada ajionee mwenyewe, ashangae.

Dada aliamka akakuta chai tayari, akafurahi. Kila siku kabla ya kuondoka na mikate analizunguka gari, hilo kwake ni kama kunawa uso. Siku ile hakulizunguka. Alikuwa na kikombe mkononi, sisi tunacheka na hema la Sindano, jua zuri, akapanda tu akawasha. Alimpa Bosi habari kwa redio kwamba tunarudi.

Tuta la kwanza tulilipanda nusu. Injini ikaunguruma, gari likaanza kwenda chini badala ya mbele. Dada akaondoa mguu kwenye mafuta mara moja, lakini mchanga ulikuwa umeshafika tumboni mwa gari. Akashuka, akaenda kwenye tairi la mbele, akaligusa kwa kiganja. Akaenda la pili. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nani amejaza upepo?"

Pancha akainua mkono kama mwanafunzi, huku anaanza kutabasamu, maana alifikiri ndiyo ile saa ya kushangaa imefika. Lile tabasamu likafa polepole dada alipomweleza. Alimweleza bila kupandisha sauti, na ndiyo ikawa mbaya zaidi. Pancha akakaa chini. Mtu mrefu vile, akawa mdogo kuliko Sindano.

Mimi nikamshauri dada asimwambie Bosi. Bosi akiita kwenye redio, aseme tu tuko njiani, halafu tujitoe kimya kimya, nani atajua. Sindano akaniunga mkono, akasema yeye siri anaweza kuitunza, jambo ambalo lilitufanya hata katika hali ile tumwangalie. Dada akasema mtu anayesubiri upande wa pili lazima ajue ukweli, maana siku moja ukweli huo ndio utakaomtoa mgeni akiwa hai. Akabonyeza redio.

Akamwambia Bosi tumekwama, hakuna aliyeumia, maji yapo mengi, tunachimba, asije. Bosi akauliza imekuwaje. Dada akasema matairi yalikuwa na upepo mwingi.

"Nani aliyejaza?" redio ikauliza.

"Gari liko mikononi mwangu," dada akasema. "Asubuhi sikulizunguka."

Pancha alikuwa anasikia. Aligeuza uso, akawa anaangalia mchanga usiokuwa na kitu chochote cha kuangalia.

Bosi akasema atasogea mpaka pale mchanga unapokutana na changarawe, atatusubiri. Jua likizama hatujatokea, anaingia kutuvuta. Na dada alijua, sisi sote tulijua, maana yake ni nini.

Basi tukachimba. Dada alitoa upepo mpaka matairi yakawa kama mikate iliyokanyagwa. Tukashusha kila kitu, madumu, sufuria, hema, mbao, ili gari liwe jepesi. Pancha alishika beleshi, na tulipotaka kupokezana hakulitoa. Mimi na Sindano tukafukua kwa mikono na vifuniko vya sufuria. Ukitoa kiasi, kiasi kingine kinateremka kukaa pale pale. Jua likapanda likatukalia kichwani. Dada akatuzuia mara mbili tatu, akatulazimisha tukae kivulini tunywe maji hata kama hatutaki, na muda unakwenda. Niliona anavyoangalia kivuli cha gari kikihama. Lakini hakutuharakisha hata kidogo. Alituuliza kama vichwa vinauma, akamfunga Sindano kitambaa shingoni.

Tukaweka mbao nyuma ya matairi, maana alisema kutoka ni kwa kurudi ulikotokea, njia uliyokwisha kuishindilia mwenyewe. Akaingia. Sisi tukasukuma kwa mbele, mashavu kwenye bodi ya moto. Gari likatetemeka, likakaa. Likatetemeka tena. Pancha akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu, na gari likapanda mbao likarudi nyuma mpaka chini bondeni, na sisi tukaanguka kifudifudi tunacheka kama wendawazimu.

Sasa dada hakukimbilia. Alilipanda lile tuta kwa miguu kwanza, akatembea huku na kule, anakanyaga, anasikiliza mchanga. Akashuka, akatuambia atapita kushoto, atapanda bila kusimama, na akishapita hatasimama mpaka afike pagumu. Maana yake vitu vyote, madumu na sufuria na mito, tungevibeba wenyewe kwa miguu juu ya tuta. Sindano akauliza kama anatania.

Alipita. Gari lile zee lilipanda ubavu wa tuta kama paka anayepanda ukuta, likainama kidogo juu kabisa, likapotea upande wa pili, na sauti yake ikaendelea vizuri bila kukatika. Tukapiga kelele. Halafu tukageuka tukaangalia mzigo. Pancha alibeba madumu mikono yote miwili na hema shingoni, sisi tukabeba yaliyobaki, na Sindano njia nzima akawa anatukana mto wake mwenyewe kwa uzito.

Tulipomfikia dada alikuwa kwenye ardhi ngumu, amekaa kwenye kivuli cha gari. Kutoka hapo mpaka alipo Bosi ni changarawe tupu, na kwenye changarawe matairi yanatakiwa yajazwe, laini yatapasuka. Akaifungua pampu kwenye taulo, akamnyooshea Pancha. Pancha akasema labda mtu mwingine afanye. Dada akamwambia wageni wote wa Bosi wakija hapa hawatakuwa na fundi wa tairi kwenye gari, sisi tunaye, halafu tujaze kwa mkono wa nani? Pancha akapiga pampu. Dada akashika geji, na kila tairi Pancha aliligonga kwanza, akataja kipimo, geji ikamkubalia. Walipofika la nne walikuwa wameshaanza kubishana na kucheka.

Jua lilikuwa bado halijagusa mchanga tulipoliona gari la Bosi. Alikuwa ameegemea boneti, mikono imefungwa kifuani. Dada akaegesha, akashuka, akamwendea, akamweleza yote tena tangu mwanzo, alipokosea, alivyochimba, alivyopita kushoto. Hakuongeza wala hakupunguza. Bosi alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisa kichwa. Kisha akaja kwetu. Tulikuwa weupe kwa vumbi mpaka kwenye kope.

Akatuambia pole. Akasema gari lake ni jipya, lina kiyoyozi, lina soda za baridi kwenye boksi la barafu, na tumechoka, kwa hiyo tupande naye tupumzike, dada atatufuata nyuma na lile zee.

Mimi niliangalia wenzangu. Pancha alifungua mlango wa gari la dada, akaingia, akakunja miguu yake kwenye ile nafasi isiyomtosha. Mimi nikaingia mbele. Sindano alisimama katikati. Akamfuata Bosi mpaka kwenye boksi, akachukua soda za wote, akamshukuru vizuri sana kwa adabu, akarudi kupanda kwetu.

Bosi akatazama ule mlango ukifungwa. Akacheka kwa pua, akamgeukia dada.

"Wiki ijayo kuna familia. Wanakuja na bibi yao, mtu mzima. Yule hawezi kuchimba."

"Hatachimba," dada akasema.

"Hata beleshi asilione."

"Hataliona, Bosi."

Akaitikia kwa kichwa, akapanda gari lake, akatangulia. Dada akabaki amesimama pale kidogo, mgongo kwetu, mikono kiunoni, anaangalia kule tulikotoka. Sindano akataka kumwita. Pancha akamziba mdomo kwa kiganja. Halafu dada akageuka, na kabla ya kupanda akalizunguka gari, taratibu, tairi moja moja, sisi ndani tunamfuata kwa macho kupitia madirisha. Alipokaa kwenye usukani macho yake yalikuwa mekundu, na mimi nikamuuliza kama ni mchanga.

"Kunywa soda yako," akaniambia, akawasha gari.